Mfuniko Chini ya Meza Yako ya Kukatia

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipolaza kichwa juu ya cherehani mchana kweupe, mguu ungali kwenye pedali, ukaondoka bila kuaga. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake alidhani umesinzia. Alikaa nawe karibu nusu saa, na hilo linatufariji, kwamba hukufa peke yako. Suruali haikuwa tayari.

Tunaukumbuka upole wako kwa wateja. Mdomo ulijaa pini na bado maneno matamu yalipata njia ya kutoka. Kitambaa kikikuharibikia ulikuwa na jibu moja tu, kwamba kilikuja pungufu. Mwalimu wa nyumba ya tatu alirudi kwake na gauni lisilofika magotini, akaenda kugombana na muuza duka. Wewe ulimsindikiza hadi mlangoni na pole nyingi.

Tunaikumbuka pia bidii yako. Nyumba hii uliijenga mwenyewe na hukupenda mtu akushauri juu yake. Choo kilipoanza kukoroma, Mama alimwita fundi wa maji taka bila kukuuliza. Alikuja na glavu zake na fimbo ndefu, akafunua mfuniko wa shimo nyuma ya nyumba, akapima. Alisema gari lije kunyonya, halafu lirudi kila baada ya miaka mitatu hivi. Alisema mfuniko uachwe wazi ufikike, na chooni kusiingie kitu zaidi ya kinachotoka kwa mtu na karatasi yake. Ulimsikiliza hadi mwisho, kisha ukamwuliza kama angependa na wewe uende kwake ukamfundishe kushika fimbo. Aliondoka huku wewe ukicheka.

Wiki iliyofuata ulimwaga zege juu ya mfuniko, ukapandisha kuta, ukapata chumba kipya cha ushonaji. Meza yako ya kukatia uliiweka palepale.

Baadaye choo kilianza kurudisha kilichopewa. Mkosaji ulikuwa naye tayari. Ni Bibi, mama yake Mama, aliyeletwa kwetu macho yalipomwishia nguvu. Ulimwambia Mama, Bibi akiwa ameketi hapohapo na bakuli lake la uji, "Shimo lilikuwa zima mpaka mama yako alipokuja." Bibi alikoroga uji ambao ulikwisha poa.

Ulinunua kufuli la choo, kila mtu wa nyumba akapewa ufunguo isipokuwa yeye. Mimi, binti yako mkubwa, ndiye niliyekuwa nikihakikisha pamefungwa. Nilikuamini, Baba. Nalisema hapa kila mtu asome, na naona haya hadi leo. Bibi akawa anavuka barabara na mkongojo wake kwenda kwa jirani, juu ya ubao uliolazwa kuvukia mtaro. Kisha akaanza kukataa chai. Akaanza kukataa na maji. Midomo ikampasuka. Wewe ulimsifu mbele ya wageni, ukasema kumbe akitaka anaweza kujizuia.

Mvua za mwaka wa pili wa kufuli ubao uliteleza, Bibi akaanguka. Nyonga ilivunjika na haikuunga tena. Ulichosema ni kwamba angeshika ukuta. Pale mtaroni hakuna ukuta, Baba.

Basi ukafa, na watu wakaja kwa wingi, maana ulipendwa. Siku ya pili ya msiba choo kilifurika hadi korido, wewe ukiwa umelala sebuleni, umenyamaza na huna wa kumlaumu. Baba mdogo akapiga simu kutafuta wataalamu, na aliyeshuka garini alikuwa fundi yuleyule wa fimbo. Hakukumbusha mtu chochote. Aliuliza tu mfuniko uko wapi. Mama akanyoosha kidole kwenye meza yako ya kukatia.

Walihamisha meza, wakavunja sakafu kwa sururu, waombolezaji wakabeba viti vyao wakasogea mbali na harufu. Gari lilinyonya hadi shimo likashuka, lakini choo hakikufunguka. Fundi akasema kizuizi kiko kwenye bomba la kuingilia. Akaingiza waya wenye ndoana na kuvuta.

Kwanza ilitoka bitana. Ukafuata mkono wa shati. Ikafuata kola ya buluu, pini bado zimo. Walivitandaza juu ya turubai, kipande kwa kipande, kila kosa lako la miaka minne limekatwa vizuri kwa mkasi mkali. Pipa la taka hukulitaka, kwa kuwa linamwagwa mbele ya majirani na kila mwanamke anakijua kitambaa chake. Chooni hakuna anayeangalia.

Mwalimu alisogea, leso puani, akainama juu ya kipande cha maua ya njano. "Hiki changu," akasema. "Ndicho kilichokuja pungufu." Baada yake walisogea wengine. Tuliowasikia wakilia tangu asubuhi sasa walikuwa wakitafuta vyao.

Fundi alinawa mikono mara mbili. Mama alikuwa amekwisha mweleza habari za kufuli na mtaro. Fundi aliomba kuingia chumbani kwa Bibi, akasimama mlangoni kwa sababu ya viatu vyake.

"Bibi, bomba nimelifungua mwenyewe," akasema. "Si wewe. Ni vitambaa."

"Sema kwa sauti, mwanangu," Bibi akamwambia. "Na wa nje wasikie."

Fundi akageukia uani akasema kwa sauti. Hata waliokuwa barabarani walisikia.

Tulikuzika siku hiyo alasiri. Ilikuwa mazishi mafupi.

Tungependa ujue nyumba inaendeleaje. Chumba chako cha ushonaji tumekibomoa, na mfuniko sasa una mpini na hauwekewi kitu juu. Ukutani pana kadi ya tarehe za ukaguzi. Fundi anakuja mara moja kwa mwaka kupima, na tarehe tumechagua ya leo, ili tukuadhimishe vizuri. Kufuli tumelitupa, kwenye pipa.

Choo kiko hatua tisa kutoka kitanda cha Bibi. Hawezi kuzitembea. Tunambeba, na zamu za asubuhi zote nimezichukua mimi. Anakunywa maji sasa, bilauri sita kwa siku, na kila akimaliza moja anaigonga mezani.

Unakumbukwa na mke wako, ambaye gauni lako la mwisho kumshonea bado linambana kwapani. Na binti yako mkubwa. Na kitinda mimba wako, aliyekataa kurithi cherehani. Na mdogo wako, aliyepiga simu ambayo wewe hukuipiga. Na mwalimu wa nyumba ya tatu, aliyeomba atajwe.

Bibi tulimwomba atoe neno. Alisema hana, ila kama tumemaliza kuandika, apelekwe chooni.

Na kila tukivuta maji pale yakashuka, Baba, tutakukumbuka.