Kibati cha Muhindo

Dada yangu Nasimiyu,

Nakusalimu kutoka huku Ibanda, chini ya milima, ambako mvua haijui kupumzika. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, bado anaficha dawa zake chini ya godoro? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechafuka, na sina wa kumwambia ila wewe.

Uliniuliza nafanya kazi gani hapa kwenye nyumba ya wageni, nikakujibu kwa mkato. Sasa sikiza. Wazungu wana mchezo: mtu anaficha sanduku porini, anatangaza mahali pake kwenye mtandao, wengine wanakuja na simu kulitafuta. Wanasafirisha pia vibati, vipande vidogo vya bati vyenye namba. Anayeokota kimoja anakipeleka mbele na kuandika kimefika wapi. Bosi wetu, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, akaona hapo pana wageni wa kuvuna. Akaniamuru nibuni sanduku lenye kufuli ya namba, lisifunguke mpaka vibati vitatu vizunguke dunia na kurudi. Nikabuni. Nyuma ya kila kibati nikagonga tarakimu moja ya kufuli. Nilijiona mjanja kweli.

Vibati viwili vilikuwa vipya. Cha tatu Afande alikitoa mfukoni. Kilikuwa kibati cha kazi cha Muhindo, kijana mpagazi wa kambi yetu aliyeteleza kwenye theluji huko juu na mwili wake haukupatikana. Siku hiyo alikuwa amekisahau kwenye msumari wa jikoni.

"Hii iko na hadithi," Afande akasema. "Wageni wanapenda hadithi."

Nikamwambia baba yake Muhindo yuko pale getini. Akanijibu kwamba kibati ni mali ya kambi, na kama nimechoka kazi, njia ya Kenya naijua.

Huyo baba ni Mzee Bwambale, askari wetu wa geti, mtu wa Kyondo, upande wa Bwera. Wazee wa ukoo walikuwa wamekubali wazike kitu kilichokaa mwilini mwa kijana, maana mama yake hali wala halali kwa kukosa kaburi la kulilia. Nguo nzuri alikufa nazo, zile kuukuu wadogo zake walishazimaliza. Kilichobaki ni kibati alichokuwa akivaa shingoni. Mzee alipokuja kukiomba, kilikuwa kimeshavuka mpaka wa nchi, kiko mfukoni mwa mgeni. Afande akamcheka, akamwambia atulie, sanduku ikifunguka, mutoto yake amerudi.

Na yule mzee akaamini, Dada. Kila asubuhi ananiuliza Muhindo iko wapi leo. Nasoma kwenye simu, namwambia Ubelgiji, siku nyingine namwambia Kanada. Wenzangu wakampa jina, Baba Kanada, naye anaitika. Kwao Kyondo walishasafisha mahali pa kaburi nyuma ya mibuni.

Wiki iliyopita wakaja vijana wawili wa Kizungu, wakaenda moja kwa moja kwenye sanduku, kufuli ikafunguka. Wakashangilia. Mzee akaacha geti wazi, akaja mbio, akavua kofia na kupiga magoti. Ndani mlikuwa na peremende na kalamu tu. Akauliza kibati iko wapi. Kijana mmoja akamwonyesha simu: kibati kwenye picha, kimelala juu ya meza ya mtu huko Kanada, tarakimu niliyogonga inasomeka vizuri. Huyo mtu amekipenda, hakirudishi. Kumbe kufuli haina haja na kibati, picha inatosha. Hilo sikuliwaza hata kidogo. Afande alicheka mpaka akakohoa, na wageni wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Mzee bado yuko chini kwenye matope.

Kesho yake Afande akaniamuru nigonge kingine kama kile, nimpe mzee anyamaze. Nikagonga, huku nikimlaani yeye na kizazi chake. Mzee akakipokea, akapitisha kidole gumba ukingoni.

"Hii si yake," akasema. "Ya Muhindo iko na meno. Alikuwa anaing'ata akibeba muzigo."

Nikamwomba msamaha. Hakuniangalia.

"Mama yake macho haioni tena," akasema. "Ataigusa tu."

Akakitia mdomoni, akaking'ata. Akakitoa, akakipapasa, akaking'ata tena, mpaka ufizi ukatoka damu. Kisha akakifuta kwa shati na kuniuliza kama gari la Bwera limeshapita.

Afande anataka sanduku lingine, safari hii lisilodanganywa na picha. Natafuta kazi Kasese mjini.

Msalimie Mama, na shemeji fundi wa baiskeli, na shangazi anayeniombea kanisani. Mwanangu, huyo utingo wa lori, mwambie avae sweta. Na fulana yake aliyoiacha kwako nyuma ya mlango, Dada, usimpe mtu. Wala usiifue.

Mdogo wako,
Nanjala