Kitanda cha Lascelles

Nottingham, Jumapili, 8 Novemba 1998

Kwako Verona,

Huna haya. Babu yako anakufa, nawe unatuma maua yenye umbo la dhumna, kadi kaandika mwenye duka, mwenyewe umekaa Aberdeen. Maua yatanyanyua kitanda? Natumaini hujambo, na ule mguu ulioteguka umepona. Mimi mzima, ila nyonga inaniuma na usingizi sipati. Ukiona herufi zimepinda, nimeandika kwa mkono wangu, kwa penseli. Siku zote huniandikia Dada Clarice wa kanisani, lakini barua hii Clarice haimhusu.

Nikusimulie matanga, maana ulitakiwa uwepo. Siku ya tisa nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi na sahani za samaki mapajani. Uriah, mwenzake wa mgodini, alimtilia babu yako ramu kwenye glasi yake, akampangia dhumna saba mezani, akasema leo kwa mara ya kwanza Lascelles atacheza bila kuiba. Mchungaji alicheka akajishika tumbo. Clarice akauliza nani aliwahi kumwona marehemu amenyamaza dakika nzima. Hakuna aliyeinua mkono.

Wewe unamjua. Mtu aliyepiga kipande cha dhumna mezani mpaka jirani akagonga ukuta, naye akamgongea tena, kwa mdundo. Mtu wa kupiga pasi suruali ili akatupe taka. Tulipofika nchi hii mwenye nyumba alisema hataki kelele. Babu yako akavua kofia, akamwambia, "Mama, mimi mtulivu kama maji kwenye glasi," na Jumamosi ileile akaingiza gramafoni kupitia dirishani. Miaka arobaini na miwili namwambia, Lascelles, kaa chini. Hakukaa. Alikula amesimama, akiwapigia kelele watu wa kituo cha basi kuwauliza wanakwenda wapi. Ndiyo maana kitanda chetu kilikuwa dirishani. Alipougua alilala palepale, akaendelea kuwauliza.

Na alikuachia kazi. Alisema mbele ya baba yako kwamba siku ya tisa Verona ashike kitanda upande wa kichwani, maana hao wengine wataanza kulia wakiangushe. Usijifanye umesahau mambo ya kwetu Jamaika: chumba cha marehemu lazima kigeuzwe, kitanda na kabati vihame, ili akirudi asikitambue, aende zake akapumzike. Basi wakakibeba baba yako na Uriah. Baba yako akalia. Wakakigongesha mlangoni, alama ipo mpaka leo. Kabati likaenda dirishani, kitanda kikaenda kule ukutani kwenye giza. Clarice akaimba, wakafungua mlango wa mbele, wakamuaga, kisha nao wakaenda zao.

Tangu hapo nyumba haitulii. Ngazi zinalia bila mtu. Kufikia juzi kofia yake ilikuwa imeanguka msumarini mara tatu. Naanza kuosha vyombo, naacha. Nakaa, nasimama, nafungua mlango, natazama kituo cha basi, nafunga. Clarice anasema mzee hajaondoka, na kanisani wanasema ni kwa sababu aliyetakiwa kushika kichwani hakuja. Nikawaambia ndiyo, ni Verona huyo, ana moyo wa jiwe. Nimekusema kwa kila mtu. Hata kwa mchungaji nimekusema.

Sasa soma hapa, na usimwambie mtu. Si wewe.

Asubuhi yake, watu walipokwisha kuondoka, niliingia chumbani nikakishangaa. Chumba changu mwenyewe! Nikawaza, akija akakuta hivi atadhani nimehama. Nikavua viatu, nikaegemeza mgongo kwenye kabati, nikasukuma. Kwa nyonga hii, kazi ilikwenda mpaka saa sita mchana. Nikakirudisha kitanda dirishani, miguu yake nikaitia kwenye mabonyeo yaleyale ya zulia. Nikatandika upande wake, nikafungua pazia aone watu. Clarice akija namwambia chumba kina baridi, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikijilaza upande wangu namwambia, "Lascelles, kaa chini," na godoro linabonyea kidogo. Nafurahi, sitakudanganya.

Lakini mtu yule hakuwahi kumaliza wiki bila kutoka. Nami nimemfungia ndani na kikongwe. Jana kofia ilianguka mara ya nne, ikabingirika mpaka mlangoni, ikalala pale. Niliitazama nikashindwa kuiokota. Bado iko hapo, naizunguka nikipita.

Baba yako siwezi kumwambia, atalia tena. Uriah atacheka, na Clarice atasimama madhabahuni kutangaza. Umebaki wewe mwenye moyo wa jiwe.

Wasalimie wenzako hapo kazini, na mwambie yule kijana wako mrefu kwamba nimemuulizia. Mungu akulinde njiani.

Jumamosi upande treni ya asubuhi. Maua usilete. Vaa viatu vya kazi, na ukifika usiokote kofia. Shika kitanda upande wa kichwani, mimi nitashika miguuni. Nikilia, sukuma. Nikikuambia acha, sukuma.

Bibi yako,
Icilda