Mgongo wa Mama Mkasi Umebandikwa Sebuleni Kwangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nimefanya jambo ambalo hata kuliandika naona aibu, na sina wa kumwambia, mume wangu ametangulia mbele ya haki na dada yangu mdomo wake hauna kufuli.

Mimi ni mshonaji, nina miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, na kwa cherehani hiyohiyo nimemsomesha binti yangu wa pekee mpaka akaingia chuo kikuu, anasoma mambo ya ubunifu na uvumbuzi, yaani kutengeneza vitu vipya vya kurahisishia watu kazi, na mwaka huu wa tatu wamepelekwa viwandani wakajifunze kazi yenyewe, yeye akapangiwa kiwanda cha samani, nikafurahi, nikamshonea hadi koti la kazini. Basi kule akaambiwa achague watu wa kazi moja, awaangalie wanavyohangaika, halafu awatengenezee kitu cha kuwapunguzia maumivu, akarudi nyumbani akasema, "Mama, nimechagua mafundi cherehani, nitatengeneza kiti." Mshauri, nilijua ni mimi. Nilikwenda hadi kusuka nywele.

Kumbe si mimi. Alimchagua Mama Mkasi, fundi wa mtaa wa pili, tulianza kushona mwaka mmoja na mpaka leo hajui kutia zipu ikalala. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, ndugu hawaruhusiwi. Ndugu nikimpa kiti kibovu atasema kizuri." Nikasema haya mwanangu, lakini moyoni nikajua hivyo ni visingizio tu, ananionea aibu.

Kuanzia hapo nyumba yangu ikawa ya Mama Mkasi. Wiki tatu binti anashinda kwake na daftari, akirudi ni Mama Mkasi anakunja shingo hivi, Mama Mkasi anainuka mara arobaini kwa siku, na mimi niliyeishi naye miaka ishirini na moja sijamsikia hata siku moja akisema nainuka mara ngapi. Kisha akauchora mgongo wa yule mwanamke, mgongo mzimamzima, akaubandika sebuleni juu ya cherehani yangu, sasa kila nikiinua macho kutunga uzi natazamana na mgongo. Sikujua kama mtu anaweza kuuonea wivu mgongo. Nauonea.

Wiki iliyopita uvumilivu ukanishinda, nikaenda kwake nikijifanya naazima uzi wa zambarau. Akanipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Karibu shoga, njoo uone binti yetu alivyo na akili!" Binti yetu, mshauri! Kiti kimeshakamilika, kimeletwa aanze kukizoea, kiko pale kinang'aa. Akaniambia nikae nijaribu, yeye akaingia chumba cha nyuma kunitafutia uzi, nami nikakaa, na Mungu anisamehe, kilinienea kama nguo niliyojikatia mwenyewe. Kiegemeo kilinishika kiunoni palepale panaponiwaka jioni, na pembeni kuna kipande cha sumaku cha kunasia pini, mimi ambaye hadi leo nazibana midomoni na binti tangu mdogo alikuwa akinililia kwamba nitazimeza, wakati Mama Mkasi ana kimto chake cha pini amekifunga mkononi tangu usichana wake, na chini upande wa kushoto kuna kibao cha mwinamo cha kupumzishia mguu, basi mguu wangu wa kushoto, huu uliovunjika zamani ukaungwa vibaya, ninaouwekea boksi la nyuzi nikishona, ukakaa pale ukatulia tuli, na yule anayetembea kama askari wa gwaride kibao hicho kakigeuza pa kuwekea kopo la vifungo! Donge likanishika. Starehe anapewa asiyeihitaji.

Kwenye mkoba natembea na bisibisi na spana ndogo ya cherehani. Nikainama, nikalegeza bolti mbili za kiegemeo zilizofichwa chini ya kitambaa, na nati moja nikaing'oa kabisa nikaitia kwenye pochi. Mama Mkasi akaja na uzi, nikamwambia ahsante.

Jioni hiyohiyo watu wa kiwanda wakaja kukichukua, kimefungwa nailoni na hakiguswi mpaka Jumamosi, siku ambayo walimu wa chuo na wakubwa wa kiwanda watakusanyika, Mama Mkasi akae juu yake mbele yao na kuegemea, na wakikipenda kiti binti yangu ana ajira pale akimaliza chuo. Nati iko mbele yangu hapa, naiangalia. Leo asubuhi akitoka aliniuliza kama kawaida yake, "Mama, mguu unauma?" nikamwambia hauumi, wewe nenda kazini, na alipofunga mlango nikalia. Nikisema atanichukia, nikinyamaza sijui itakuwaje. Nifanye nini?

Ni mimi, Mshonaji Mwenye Donge.

*

Mwenzangu mshonaji, barua yako imenifikia jana, na ningejua nyumba yako ningekuja kwa miguu, nisingesubiri gazeti. Leo ni Alhamisi. Kwa hiyo kabla sijakupa pole, inuka uichukue hiyo nati. Ukishaishika, endelea kusoma.

Haya, pole. Umemlea peke yako, umemsomesha kwa mguu mmoja mzima, na siku anatafuta mtu wa kumtengenezea kitu anapita mlangoni kwako anaenda mtaa wa pili. Roho lazima iume. Siwezi kukucheka, ingawa pale kwenye kusuka nywele nilitabasamu. Lakini wivu ni wivu na bolti ni bolti. Mama Mkasi ni mtu mzima, akiegemea kiegemeo kikaachia ataanguka kwa kisogo. Kosa lake kwako ni lipi? Kukukaribisha? Kukutafutia uzi? Na atakayesimamishwa kuulizwa siku hiyo si wewe, ni binti yako. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako ni huyo mmoja tu.

Sasa tuje kwenye hayo unayoyaita visingizio. Chuo kinakataza ndugu kwa sababu ndugu hawasemi kweli, na ushahidi umeuandika kwa mkono wako. Mtoto amekuuliza asubuhi kama mguu unauma. Umemwambia hauumi. Amekuuliza mara ngapi tangu apate akili, na umemjibu nini? Najua ulitaka asome kwa amani, wazazi wengi ndivyo tulivyo, tunameza maumivu halafu tunanuna kwamba hakuna aliyeyaona. Lakini mtu asiyeumwa popote atatengenezewa kiti cha nini? Mama Mkasi alisema panapomuuma, akaandikwa daftarini. Wewe ulificha, ikabidi mtoto aibe kwa macho.

Ndiyo, aibe. Hebu isome barua yako tena, taratibu, kama unavyosoma vipimo vya mteja msumbufu. Mama Mkasi ana kimto cha pini mkononi tangu usichana, sasa ile sumaku aliwekewa nani? Mama Mkasi ana miguu yote miwili mizima, kibao cha kushoto hajui hata ni cha kazi gani, kakiwekea vifungo. Wewe fundi wa miaka ishirini na mbili, umeingia kwenye nguo ikakuenea bila hata pindo la kurekebisha, na bado hukujiuliza ilikatwa kwa kipimo cha nani? Mgongo uliobandikwa sebuleni ni wa Mama Mkasi, sikatai. Mguu ni wako, mama. Walimkataza kukupima, lakini kukujua hawakuweza kumkataza.

Ukamaliza hapo, ukatoa spana.

Basi sikiliza. Leo hiihii usimngoje arudi nyumbani. Nenda mpaka kiwandani, mwombe mlinzi wa getini amwite, na nati umkabidhi mkononi. Mwambie, "Ni mimi niliyelegeza kiti chako, kwa wivu." Ishia hapo. Usije ukasema shetani alikupitia, shetani hatembei na spana kwenye mkoba. Atakasirika, pengine atalia mbele ya mlinzi, na ana haki. Usijitetee, usimkumbushe ada ulizolipa, usitaje koti la kazini. Hata kama kimefungwa nailoni, kukifungua na kukaza bolti mbili ni kazi ya dakika kumi, na mpaka Jumamosi muda upo. Maji hayajamwagika, ila kopo umelishika upande.

Ukitoka hapo pitia kwa Mama Mkasi, umrudishie uzi wake wa zambarau, na umweleze kilichotaka kumpata kwa mkono wako. Usimtume mtu wala usiandike ujumbe kwenye simu. Akikufukuza, fukuzika. Akikusamehe, usianze tena habari za zipu.

Jumamosi nenda. Kaa nyuma, piga makofi wakati Mama Mkasi anaegemea, hata kama mikono inakuwa mizito. Binti yako siku hiyo hataweza kusema mbele ya walimu wake kiti kile alikianza wapi, kwa hiyo usingoje kutajwa.

Atakuuliza tu mkiwa mnarudi nyumbani, au asubuhi inayofuata akishika mlango, maana huyo hajaacha kukuuliza. Safari hii usimwambie aende kazini. Mwambie unauma, na umwonyeshe ni wapi.