Gauni la Zuhura na Mashine Mbili

Baba Zuhura wangu,

Leo nimelala mchana mpaka nimekoroma, maana roho imetua. Mwanetu kazi yake imebaki. Ngoja nikupe yote toka mwanzo, unanijua siwezi kufupisha.

Ile ofisi yake ya kutolea watu mizigo bandarini ilimpa kazi atengeneze programu, mteja aone kontena lake limefika wapi. Akaiandika kwa Python. Mimi nikatangaza Kariakoo nzima binti yangu mtu wa Python, utadhani naijua. Kumbe wateja wakiingia wengi kwa mkupuo, inaganda. Bosi akamwambia, "Ikiganda tena mwezi huu, naleta mtu mwingine."

Sasa siku hiyo kaja kibandani kwangu na kompyuta yake, namwona anajifunza lugha nyingine, inaitwa Go. Nikamfokea. "Wewe, fundi anayehamahama meza anapoteza wateja. Shika moja."

"Mama, sihami. Python nyepesi, ripoti naiandika mistari michache tu. Go inanichosha, kila kitu nikitaje mapema, hii namba, hili jina. Lakini watu wakijazana mlangoni, inawahudumia wote wala haihemi. Na zote mbili zikitaka taarifa stoo, zinaulizia kwa lugha ya tatu."

"Ya tatu tena?"

Mama Sauda wa kibanda cha pili akadakia, "Muache mtoto. Mimi na mume wangu tuna lugha moja na hatuelewani."

Nikacheka, ila nimenuna.

Kesho yake napiga pasi lile gauni la kitenge ulilomshonea alipomaliza shule, kabla hujatutangulia. Nikaligeuza ndani. Mishono yako imenyooka, na pembeni kingo zimefungwa kwa ovaloki, ile mashine ya Fundi Kassimu wa ng'ambo ya barabara. Huyo kaoa tena, na bi mdogo balaa, lakini tuyaache. Unakumbuka nilivyokugombeza siku ile, toka Kariakoo mpaka chumbani kwetu Buguruni? Una cherehani yako, unavuka barabara kumpelekea mwenzio kazi, watu watasema huwezi. Ukanijibu, "Mama Zuhura, cherehani yangu inaunga. Kuzuia nyuzi zisifumuke, haiwezi." Nikakununia siku mbili. Na gauni limefuliwa miaka yote hii, halijachomoka uzi.

Nikamfuata mwanao, nikamwambia jifunze, mama. Kwenye ripoti akabakiza Python, mlangoni wanapoingilia wateja akaweka Go. Mwezi umeisha jana, wateja wamejaa, haijaganda. Bosi kasema abaki. Nikamweleza habari ya ovaloki, akacheka, "Kumbe baba naye alikuwa anafanya hivihivi."

Basi nisamehe, baba. Ulisema kweli toka siku ile, mimi ndiyo nimechelewa kuligeuza gauni. Jumatatu anaenda nalo ofisini. Nitasimama mlangoni nimtazame mpaka akate kona, nimtazame na kwa macho yako.

Lala salama, huku kwetu shwari.

Mkeo mgomvi,
Mama Zuhura