Uvamizi, nakala ya pili

Jumanne. Mvua tangu alfajiri.

Papa, hunijui, lakini nakuomba usimsomee mtu ukurasa huu, hata mke wako. Nimeuchana kwenye shajara yangu na kumpa dereva wa minibasi akuletee Nyakabuye. Hajui kilichomo. Unamhusu dada yako, Maman Feza. Yuko hapa kwetu mpakani, mzima.

Mimi ni karani. Naandika maelezo ya wanaovuka kutoka Bukavu. Leo niliandika ya kwake: nyumba yake imevamiwa. Akaweka alama ya kidole.

Mkuu wangu akasoma, akacheka. "Kijana, masomo yako itakuua. Andika wizi."

Kwetu neno ndilo linaloamua. Aliyeibiwa hurudishwa ng'ambo. Aliyevamiwa hubaki, na karatasi yake huenda kwa watu wa wakimbizi, ambao huja na maswali. Mkuu hapendi maswali.

Dada yako akamgeukia mkuu. "Chef, mwizi anaiba, anaenda. Bale balikuya na bunduki saa ya kupika, na mpaka leo banalala mu kitanda yangu."

"Basi ni bageni, maman."

"Mugeni anapiga hodi, chef! Na mugeni hafukuze mwenye nyumba."

Foleni nzima ilicheka. Mkuu akachana karatasi, akanisukumia nyingine.

Shuleni nilifundishwa kwamba kuvamia ni kuingia kwa ghafla na kwa nguvu mahali pasipo pako. Nilipata alama zote.

Niliandika wizi.

Kwa mwandiko wangu mzuri. Dada yako hajui kusoma. Aliniambia, "Aksanti, mutoto yangu."

Lakini tunaandika juu ya kaboni, na mkuu alisahau karatasi ya chini. Neno liko pale, limefifia kidogo, na kidole chake kando, kwa kuwa alama hutiwa kwenye nakala zote mbili. Nilitoka nayo ndani ya soksi. Mimi nikiipeleka kwa watu wa wakimbizi, nimekwisha. Wewe ni ndugu yake, una haki ya kuipeleka na kuuliza.

Atarudishwa kesho saa nne asubuhi. Usije ofisini. Shuka Kamembe, nenda kwa fundi cherehani wa kwanza nyuma ya soko, umwambie umefuata suruali iliyofupishwa. Nakala imeshonwa ndani ya pindo. Nitakuwa kwenye benchi lake tangu saa moja, nimevaa koti la kijivu. Uliza lolote, nitajibu.

Usiponikuta, ujue nami wamenijia bila hodi. Chukua suruali, uende.