Mama Taratibu na Kliniki ya Chumba cha Nyuma

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu ulipojilaza mchana kupumzisha miguu, ukasema uamshwe wateja wakianza kuingia. Wateja waliingia. Wewe hukuamka.

Tumekaa kuandika maneno haya mara kadhaa na kila mara tunakwama mahali pamoja. Kuhusu ucheshi wako hatuna shida. Kuhusu upole wako, hata majirani wangetusaidia kuandika. Lakini tukifika kwenye kazi yako tunatazamana. Uliuza pombe. Na kila Alhamisi, ndani ya baa ileile, uliwasaidia watu kuiacha. Ungetuachia hata maelezo kidogo.

Mtaa mzima ulikuita Mama Taratibu, maana ndilo neno ulilomwambia kila mtu: anayekunywa kwa pupa, anayeshuka mteremko kwa baiskeli, hata mume wako akivamia chakula cha moto. Mikono yako ilikuwa ya baridi kwa kushika chupa na barafu, na asubuhi ulitushika nayo shingoni ili tuamke, tukaamka tukipiga kelele. Uliimba ukiosha bilauri, na katika kila wimbo ulijua ubeti mmoja tu. Mteja mwenye njaa hukumuuzia kitu mpaka ale. Wakikulalamikia kwamba una masharti kama hospitali, uliwajibu, "Basi nendeni hospitali, mkaone kama kuna muziki."

Kumbe wewe mwenyewe ulikuwa njiani kwenda huko. Ulikwenda kituo cha afya kupima presha, na kitinda mimba wako, yule mwenye haya, ndiye aliyekusindikiza. Siku hizo lilikuwa limetoka agizo la wizara kwamba kila mgonjwa, hata aliyekuja na jino linalouma, aulizwe kama anakunywa pombe na ni kiasi gani. Aulizwe bila kukaripiwa, na anayehitaji msaada apewe palepale. Nesi, ambaye sasa sote tunamwita Sista, akakuuliza kama alivyoagizwa.

"Mama, unatumia pombe?"

"Mimi situmii. Nauza."

Kitinda mimba alitamani sakafu ipasuke immeze. Sista aliweka kalamu chini, akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Afadhali wewe umesema kitu," alikwambia. "Tangu asubuhi nauliza, na hapa hakuna mtu anayekunywa. Hata yule aliyeingia ameshikilia ukuta amesema anaijua bia kwa kuiona tu."

"Hakuna anayekunywa?" ukamuuliza. "Basi wanaojaa kwangu kila siku wanatoka wapi, Sista? Wanashuka na mvua?"

Mlicheka wote wawili. Kisha, kitinda mimba anasema, uso wako ukabadilika. Ukamwambia Sista kwamba nyuma ya baa yako kuna chumba cha kuwekea kreti, kina dirisha, na kina mlango wake wa kutokea uani. Hakuelewa unampeleka wapi. Kitinda mimba pia hakuelewa. Mpaka leo hatuna hakika kama hata wewe ulielewa.

Alhamisi iliyofuata, Sista alikuja na meza ya kukunja na mashine yake ya kupimia presha. Sisi nyumbani tulidhani umepata rafiki.

Namna ulivyoifanya kazi ile ilikuwa yako peke yako. Ukimwona mteja amechoka na maisha, mkono unatetemeka kabla hata hajashika bilauri, hukumwambia kitu mbele za watu. Ulimkabidhi kreti ya chupa tupu, ukamwomba aipeleke nyuma. Wenzake waliona mtu amebeba kreti, basi. Akifika nyuma anamkuta Sista, anaketi, wanazungumza. Wengine walipunguza wenyewe polepole. Wengine, ambao miili yao ilikuwa imeshazoea, Sista aliwakataza wasikate ghafla peke yao nyumbani, kwa sababu mwili unaweza kushtuka na mtu akaanguka kifafa. Hao aliwapeleka hospitali kubwa, wakalazwa, wakaachishwa kwa dawa. Kila Alhamisi, walipomaliza kuzungumza na Sista, wote walitoka kwa mlango wa uani, na hakuna aliyewabandika jina.

Mwanao mkubwa, mwalimu, aliwahi kukugombeza kwa jambo hili bila kujua analogombeza. "Mama, unawatumikisha wateja kama wapagazi. Watakuja kukushtaki." Ukamwambia, "Waache, mwanangu, wanapata mazoezi."

Na kitinda mimba ndiye aliyekuja kuharibu, au kutengeneza, hatujui. Alhamisi moja uliumwa mguu, akakushikia kaunta. Alikuwa amekuona mara nyingi ukitoa kreti, akadhani ndivyo zinavyopangwa. Dereva wa gari la soda alipoingia, binti akamkabidhi moja kwa adabu zote. Baada ya muda dereva akatoka nyuma macho yamemtoka.

"Dada, mimi nimeleta soda! Naulizwa habari za ini langu?"

Ulipoelezwa ulicheka mpaka ukakaa chini na mguu wako mbaya, kisha ukamweleza siri yote na kumwomba asiitoe. Hakuitoa ukiwa hai. Na dereva, Mama, Alhamisi nyingine alirudi. Siku hiyo hakuwa na soda ya kuleta.

Siku tuliyokuzika ndipo tulipochanganyikiwa kabisa. Watu walikuwa wengi kuliko tuliowatambua. Mwanamke mmoja alimshika mwalimu mikono yote miwili akamwambia, "Mama yenu alinirudishia mume kwa kreti moja tu." Kabla hajamaliza kushukuru, akasogea mwingine, mjane wa fundi bomba. Mumewe alitoka kwako jioni moja amelewa, akavuka barabara, hakufika upande wa pili. Mjane akasema, kwa sauti ya chini, "Na wangu je? Mbona wangu hakumpa kreti?" Mwalimu hakujua kreti gani. Kitinda mimba alijua, na usiku ule akatueleza yote.

Tulifunga baa. Miezi mingi baadaye mwalimu alipata mpangaji mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa maana, asiye na kelele. Funguo alikuwa nazo kitinda mimba, kwa kuwa wewe ndiye uliyempa, na mwalimu akamwambia azitoe mwisho wa mwezi. Sote tulihisi tumepumua.

Ndipo Sista alipokuja nyumbani. Alikataa kiti mara mbili kabla ya kukaa.

"Nimekuja na ombi," alisema, "na naona haya kulisema."

"Sema, mwanangu," Baba alimwambia. "Humu ndani hakuna jipya."

"Naomba mfungue baa."

Baba alikohoa. Mwalimu akavua miwani.

"Sista, samahani. Wewe umeajiriwa kupunguza pombe au kuitangaza?"

"Kupunguza madhara yake."

"Na serikali ndiyo iliyokutuma utuombe tuuze?"

"Serikali haijanituma. Nimejituma. Nilimuuliza mkuu wangu, akasoma mwongozo mbele na nyuma. Akasema imeandikwa kwamba huduma iwafuate watu walipo, ila haikuandikwa walipo ni wapi."

Akatueleza. Tangu baa ifungwe amerudisha meza yake kituoni. Wamempa chumba kizuri, kimepakwa rangi, na juu ya mlango wamebandika maandishi makubwa, "Kuacha Pombe", yanayosomeka kutoka barabarani. Benchi la kusubiria linatazamana na foleni ya dawa. Anakaa humo Alhamisi nzima. Mtu mmoja tu aliingia, akaona pameandikwa nini, akasema alikuwa anatafuta chumba cha meno. Wateja wako, Mama, hawakuacha kunywa kwa sababu umekufa. Wamehamia vibanda vya huko chini, wanakunywa vile vikali vya chupa ndogo, na huko hakuna anayemuuliza mtu kama amekula.

"Tukifungua," mwalimu akasema, "na mtu akanywa kwetu, akafia njiani, nitamwambia nini mke wake? Nitamwambia kulikuwa na nesi nyuma?"

Sista alitazama mikono yake. Mwalimu akamgeukia Baba.

"Baba, wewe unasemaje? Mama alikuwa anatafuta nini hasa? Alikuwa anajuta? Au alikuwa anafanya biashara tu?"

"Mimi nilimwoa," Baba akasema. "Sikumchunguza."

Tulicheka, tukaona aibu kwa kucheka, tukaagana bila kuamua. Nafsi zetu zilikuwa hazisomeki hata kwetu wenyewe. Mwalimu ni mwema na alisema kweli. Sista ni mwema na alisema kweli. Mtu atasimama wapi hapo?

Kitinda mimba alikwenda kufagia ili mpangaji akute pasafi. Ilikuwa Alhamisi, ila hakuichagua. Aliingia kwa mlango wa uani, maana wewe unamjua, anaweza kuzunguka mtaa mzima ili asisalimiwe na watu watatu waliosimama mbele. Kwenye ngazi alimkuta mteja wako fundi viatu, yule wa koti la kijani, amekaa, kofia magotini.

"Shikamoo," binti akamwamkia. "Baa imefungwa, mzee wangu."

"Marahaba. Najua imefungwa. Nina macho."

"Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu. Nakuja tu kila Alhamisi. Nikikaa hapa mpaka saa ya Sista ipite, siku hiyo pombe naipunguza kidogo."

"Sista yuko kituoni, mzee. Ana chumba kizuri."

"Nimekiona. Nimepita mbele yake mara nyingi, natembea kama mtu mwenye haraka." Akageuza kofia. "Mwanangu, nikuambie. Mimi najua kuingia baa. Nikiingia baa watu wanasema, 'Ah, ni yule.' Nikiingia pale chini ya yale maandishi, wataanza kusema, 'Ah, kumbe!' Hiyo 'kumbe' siwezi kuibeba. Watoto wangu wanapita njia ile."

Binti alikaa ngazi ya chini yake. Hakuna mtu katika familia hii, Mama, anayeijua hofu ya kutazamwa kuliko yeye. Ufagio ukabaki ukutani.

Lakini hakukimbilia kumpa Sista jibu. Lile swali la mazishini lilikuwa bado linamkaba. Kesho yake akafanya jambo ambalo sisi wote tusingethubutu: akaenda kwa mjane wa fundi bomba. Alisimama mlangoni mpaka mjane mwenyewe akamwambia, "Ingia basi, unaniletea giza."

Akamwambia yote, kwa sauti ile yake ambayo mtu lazima ainame aisikie. Habari za kreti, za Sista, za duka la vifaa. Mwisho akauliza, "Nifungue, Mama, au nisifungue?"

Mjane aliendelea kukunja nguo. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Alikuwa ametoka kulipwa siku ile," alisema. "Alikuwa na furaha. Hakutetemeka mkono. Nimefikiri mwaka mzima, na nadhani mama yako hakumwona kwa sababu hakukuwa na cha kuona. Siku nyingine nafikiri hivyo. Siku nyingine nampiga kichwani mwangu mpaka nachoka."

"Pole, Mama."

"Unataka nikuambie ufunge ili ulale usingizi. Au nikuambie ufungue ili ulale usingizi. Mimi mwenyewe silali." Akaweka shati juu ya mengine. "Fungua. Wanakunywa kule chini hata sasa hivi tunavyoongea, na kule hakuna hata anayejaribu kuwaona. Lakini usiniite. Na jioni, mtu akitoka kwako hajiwezi, usimwache avuke ile barabara peke yake. Hata akikutukana. Unasikia? Hata akikutukana, wewe mshike."

Binti alirudi nyumbani akamwambia mwalimu kwamba yeye funguo hazitoi. Tulishtuka kuliko siku ya mazishi, maana hatujawahi kumsikia akisema "sitoi" juu ya kitu chochote, hata chapati ya mwisho kwenye sahani. Mwalimu alisema mengi, akachoka. Kisha akauliza nani atakayewashika watu jioni, na binti alivyo mwembamba hivi. Akatoka nje, akarudi. Akasema Alhamisi hasahihishi madaftari.

Kwa hiyo, Mama, baa yako itafunguliwa Alhamisi hii, na Sista atakuwa chumba cha nyuma kama zamani. Chakula kitakuwapo kabla ya kinywaji. Jioni, mwanao mkubwa atasimama ukingoni mwa barabara na tochi. Bado anasema tumekosea. Sisi wengine tunasema labda. Anayetaka kuja kunywa, aje. Anayetaka kuja kuacha, aje vilevile. Hatutamuuliza mtu mlangoni kaja kwa lipi.

Unakumbukwa na mume wako, ambaye sasa anangoja chakula kipoe. Unakumbukwa na mwanao mwalimu, aliyetaka iandikwe kwamba kukumbuka si kukubali, nasi tumeandika. Unakumbukwa na mkwe wako na wajukuu, na kitinda mimba wako, anayejifunza kuongea kwa sauti. Wapo na wengine wanaokukumbuka ambao hawapendi watajwe, na mmoja anayekukumbuka bila kukusamehe bado. Naye ni haki yake awemo humu.

Hutatutoka moyoni, Mama, hata siku zile ambazo hatukuelewi.