Ardhi Moja kwa Nyumba Mbili

Balsall Heath, Birmingham
Septemba 1972

Mdogo wangu Ramadhani,

Uniwie radhi kwa kimya changu. Barua yako ilinifikia tangu mwanzo wa kiangazi. Sikuugua, wala sikukusahau. Nilikuwa na hasira, nikaona si adabu kumwandikia mtu katika hali hiyo. Nimengoja hasira ipoe, haikupoa, basi nakuandikia nayo.

Mama hajambo? Magoti yanamwacha alale? Na mkeo amejifungua salama? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Zainabu bado anauguza wazee hospitalini. Mwanangu Amina anasoma vizuri, ila nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, nami humwacha amesimama mpaka aseme sawasawa.

Sasa tuje kwenye barua yako. Umeandika kwamba mwenye ardhi anauza kiwanja kilichobeba nyumba ya Mama pale Majengo, kwamba ametupa nafasi ya kwanza mpaka baada ya Idi, na kwamba tusiponunua tutaivunja nyumba tuondoke. Hayo yameniuma. Kisha ukaandika: "Kaka, wewe una nyumba ya matofali Ulaya. Uza hata mlango mmoja ututoe aibu." Na mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, umeniarifu kwamba umekwisha kumwambia Mama nimekubali, naye ameniombea dua mbele ya majirani.

Nani alikubali, Ramadhani? Lini? Umenivika ahadi ambayo sikuishona.

Umeniuliza pia kama gharama za nyumba ni nafuu huku au huko. Nitakujibu, na ukimaliza kusoma utajua mlango wangu mmoja una thamani gani.

Kwetu nyumba ni yako na ardhi ni ya mtu. Unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi, na maadamu unalipa unakaa, na mwanao naye anakaa. Kodi ya mji analipa yeye. Siku akikufukuza, unang'oa milango, mabati na boriti, unakwenda kujenga kwingine. Hakuna anayehesabu miaka.

Nilipoinunua nyumba hii, wakili aliniambia kwamba ardhi ina mwenyewe, nami nitamlipa kodi kidogo mara moja kwa mwaka. Nilicheka. Pesa yenyewe haikufikia bei ya gunia la makaa ya mawe. Nilimwambia Zainabu, "Hawa ni watu wa Majengo, ila wana huruma zaidi." Kuhusu miaka sikuuliza, kwa kuwa tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa kwetu akiiuliza. Kama wakili aliitaja, aliitaja kwa haraka kati ya mambo mengine mengi, naye alijua mimi ni mgeni.

Siku chache baada ya barua yako kufika, mtu mmoja alibisha hodi. Alikuwa na koti la mvua mkononi, na alitazama madirisha yangu badala ya kunitazama mimi.

"Madirisha haya yapakwe rangi kabla ya baridi," akasema. "Na vigae vya paa vitengenezwe."

"Nani amekutuma kukagua nyumba yangu?"

"Mwenye ardhi. Mkataba unataka nyumba irudishwe katika hali nzuri."

"Irudishwe kwa nani? Mwenye nyumba ni mimi."

"Ni wewe, bwana," akajibu, kwa ule upole wa kumwambia mgonjwa. "Kwa miaka kumi na mmoja iliyobaki kwenye mkataba."

Zainabu alipaza sauti kutoka jikoni, kwa Kiswahili: "Mwambie apake yeye, si ndiye atakayelala humu!" Mtu yule alipoondoka, akaja akasimama kando yangu. "Mwalimu," akaniambia, "tumemkimbia mwenye ardhi Majengo, tumekuja kupanga kwa ndugu yake."

Basi hivyo ndivyo ilivyo, Ramadhani. Miaka hiyo ikiisha, kuta, milango na ngazi vitakuwa vya mtu nisiyemjua hata kwa sura. Huku hung'oi kitu. Na kodi ya jiji hulipwa na anayekaa ndani, si mwenye ardhi. Tulipoingia humu choo kilikuwa uani, na tulikoga kwenye beseni. Nikajenga bafu ndani. Watu wa halmashauri wakaja, wakaona nyumba imepanda thamani, wakanipandishia kodi. Kwa hiyo kila mwaka nalipia bafu nililomjengea mwingine! Huo ndio unafuu ulioniuliza.

Sheria mpya inaniruhusu kuinunua ardhi hii, kwa kuwa nimekaa humu zaidi ya miaka mitano. Lakini akiba yangu inatosha ardhi moja. Ya huku, au ya huko.

Harbans, Kalasinga aliyezaliwa Nakuru na aliyekuwa jirani yetu hapa, amehamia mji wa pili, ng'ambo ya mpaka wa jiji. Alikuja Jumapili kunihubiria.

"Mwalimu, hama bana! Hapa wewe iko mgeni ndani ya nyumba yako."

"Na kodi ya mji huko?"

"Iko kubwa kushinda hapa. Lakini udongo iko yangu. Mimi nalima vitunguu, nani nauliza?"

Zainabu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Darasani kwangu Kiswahili kile kingempatia fimbo, lakini vitunguu vyake vinanikera mpaka leo. Nihame vipi? Nani atainunua nyumba iliyobakiwa na miaka kumi na mmoja? Nimtafute mtu mwingine wa Majengo asiyeuliza?

Zainabu anasema Mama ana mtoto mmoja tu mwenye akiba, na Amina ana baba mmoja tu. Hajaniambia lipi litangulie, nami sijathubutu kumuuliza.

Nenda kwa mwenye ardhi umuulize bei yake ya mwisho, mbele ya mashahidi, na kama atapokea kwa awamu. Kisha nenda kwa Mama umwambie kweli. Umwambie kwa kinywa kile kile kilichomdanganya. Usimtume mkeo.

Mshike Mama mkono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji yangu Fatuma na mtoto, Shangazi Mwanajuma anayenikumbuka katika swala zake, na Mjomba fundi viatu, umwambie viatu alivyonishonea bado vinapambana na matope ya huku.

Umeandika kwamba umenunua chokaa ya kuipaka nyumba kabla ya Idi. Usiipake. Madirisha yangu nami sijayagusa, ingawa baridi inakuja na yule mtu atarudi. Kati yetu mmoja atapaka, na mwingine ataacha. Nikishaamua ni yupi, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kaka yako, mwenye hasira nawe na asiye na mdogo mwingine,

Abdalla